Libanga la Bwana Harusi

Siku hizi mwanamuziki akikatiza wimbo wake ili amtaje tajiri fulani wa Kinshasa au wa Ulaya, watoto wa mdogo wangu hufurahi sana, na anayejua neno huwaeleza wenzake: hiyo ndiyo libanga. Mimi huinuka nikazima redio. Wananiona shangazi mwenye gubu, na kweli ninalo, sijawahi kulikana. Lakini neno hilo nililijua kabla wao hawajazaliwa. Nilifundishwa maana yake na asili yake uani kwetu Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, nikiwa nimekaa mkekani nachambua mchele wa harusi yangu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na baraza yetu ilitazama kichochoro kinachopanda kwenda msikitini. Babu yake alikuja kutoka pwani na wafanyabiashara wa nguo, akaoa huku huku, akazikwa huku huku. Hata hivyo baba alipenda kusema “sisi watu wa pwani”, yeye ambaye bahari hakuwahi kuiona, na maji mengi aliyoyajua ni ya mto Nyabarongo. Tulimtania, naye alikasirika kidogo halafu akacheka. Alikuwa mtu wa utani mpaka lilipokuja suala la kazi. Hapo hakuna aliyemchezea.

Mwanamume niliyeolewa naye alifika kwetu kutafuta kazi akitokea Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Baba alimpa koti la kukata, akalikata bila kuchora sana, na likamkaa mwenyewe vizuri. Basi akabaki. Alikuwa Mwislamu, anasema Kiswahili cha Buyenzi kilichonyooka kuliko chetu, mpole, tena mwenye kiburi kidogo cha mikono yake. Majirani waliambiwa ni mtoto wa dada yake baba. Ni kweli baba alikuwa na dada aliyeolewa Buyenzi. Ila dada huyo alikuwa amefariki zamani bila mtoto, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo chake ofisi yoyote ya huku.

Ukweli baba aliniambia nilipochumbiwa. Kijana huyo alizaliwa Rwanda, kwenye kilima kimoja cha kusini, akavushwa kwenda Burundi mgongoni mwa mama yake katika ile miaka mibaya ya mara baada ya uhuru. Baba yake mzazi alirudi nchini na wale waliotaka kurudi kwa silaha, akauawa. Jina la marehemu huyo liliendelea kujulikana katika ofisi za kusini kama jina la adui, na mwanawe hakuwa na ruhusa ya kuishi Kigali wala kokote ndani ya nchi. Kwa hiyo baba alikwenda naye ofisi ya komini, akaapa mbele ya wakubwa kwamba huyu ni mpwa wake, damu yake, na karatasi zikatoka kwa jina lake la dini. Jina alilopewa na mama yake siku ya kuzaliwa lilibaki limezikwa. Aliwahi kulitamka mbele yangu mara moja tu, tukikunja vitambaa dukani, kisha akaniomba nilisahau.

Sikulisahau, lakini mdomo wangu haukulijaribu.

Kwa hiyo watu wa mtaani waliposikia naolewa na binamu yangu, walitutania kwa namna zote, na sisi tukacheka pamoja nao. Mama yake alikuja kutoka Bujumbura kwa ajili ya harusi, naye alikuja kama dada yake baba. Nilitakiwa kumwita shangazi asubuhi mpaka jioni, na yeye alitakiwa kumwita baba yangu kaka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Siku ya pili tu tangu afike, resiponsabule wa selile, mkubwa wa mtaa wetu, alipita kumtazama, kwa sababu kila mgeni alitakiwa kujulikana. Resiponsabule ndiye aliyekuwa macho ya serikali katika vichochoro vyetu: nani kalala kwa nani, nani kahama, nani anasikiliza redio gani. Alimuuliza shangazi wangu wa uongo anaswali msikiti gani Buyenzi na nani imamu wake. Alijibu bila kupepesa macho. Resiponsabule akanywa chai yetu, akasifu maandazi, akaondoka, na baba akakaa muda mrefu bila kukanyaga pedali ya cherehani.

Mwaka ule ulikuwa hivyo. Watu walikuwa wakizungumza, akipita mtu wanabadilisha mazungumzo. Vijana wa nyumba fulani walitoweka, ikanong'onwa wamejiunga na wakimbizi wenye silaha kule Uganda, lakini wazazi wao wakasema wako shambani kwa bibi, hata kama bibi alishakufa na sote tulimzika. Vizuizi viliongezeka njiani. Mimi niliona yote hayo, lakini nilikuwa naolewa, na nilitaka muziki.

Baba alitaka kasida na dufu, basi. Mimi nilinuna siku nzima, nikaunguza mboga kwa makusudi. Mwishowe tukakubaliana: nikaha itakuwa na kasida zake kama kawaida, na baada ya alasiri itakuja bendi ya Wazaire waliokuwa wakipiga katika baa za Nyamirambo. Animateri wao ndiye aliyekuja nyumbani kupanga. Animateri haimbi wala hapigi gitaa. Kazi yake huanza sebene ikianza, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakashika wimbo, na watu ambao walikuwa wamekaa wanajikuta wamesimama. Yeye hupiga kelele juu ya magitaa hayo, huwachochea watu, huwataja. Alikuwa kijana wa Bukavu, mwembamba, suruali imepandishwa mpaka karibu na kifua.

“Mzee,” alimwambia baba, “munipe majina mapema. Sebene ikishaanza mimi natupa mabanga, na sitaki kusahau mutu mukubwa.”

“Mabanga ndiyo nini?” baba aliuliza.

“Libanga ni jiwe, kwa Kilingala. Ikiwa moja libanga, ikiwa mingi mabanga. Unatupa jiwe katikati ya batu, ule linamuangukia anageuka. Jina nalo iko vile vile. Nikitupa jina yako ndani ya muziki, Mzee, utafanya nini? Utageuka tu. Na batu wote batakuangalia, na moyo yako itakuwa mukubwa, na utanitunza.”

Baba alisema hilo si jambo jipya. Babu zake kule pwani walikuwa wakitajana kwenye ngoma tangu enzi na enzi, na aliyetajwa akainuka kutunza. Wazaire wamechukua kitu cha wenyewe wakakibandika neno lao. Animateri hakukubali. Alisema kwao wazee wanaeleza asili nyingine kabisa: kupiga libanga ni kuponda mawe. Wakati wa Wabelgiji watu waliponda mawe ya barabara juani ili wapate kula, na mtu akiulizwa anaishi vipi, alijibu kwamba anapiga libanga. “Na sisi banamuziki,” alisema, “mawe yetu ni majina ya batu. Tunayaponda, tunakula.”

Walibishana kwa raha. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama mmoja wa Goma aliyekuwa akiuza samaki wakavu, naye akanicheka, akasema mambo yote mawili ni kweli, na kwamba anayetafuta mwanzo mmoja wa neno hana kazi ya kufanya. Mimi mwenyewe nashika lile la kwanza, la jiwe la kutupwa. Nina sababu yangu.

Wakati wanabishana, mama mkwe wangu alikuwa karibu nami anachambua mchele. Tangu afike hakuwa ameingilia mazungumzo ya wanaume hata mara moja. Akainua kichwa.

“Na mtu amekufa,” aliuliza, “naye munataja?”

“Mama, hao ndio bazuri zaidi!” animateri alijibu. “Tunasema mutoto wa fulani, wa mahali fulani. Basi na baba yake kule iko anasikia.”

“Kwetu mwanaume hatajwi peke yake,” alisema polepole. “Anatajwa na baba yake. Mwene fulani.”

Mwene ni neno la Kinyarwanda, mwana wa. Baba alilisikia lilivyotamkwa, akamkatiza haraka. Alimwambia animateri kwamba bwana harusi atajwe kwa jina lake la dini na liishie hapo, na kwamba wa kwanza kabisa kutajwa awe resiponsabule, maana huyo ndiye mgeni wa heshima. Animateri aliitikia. Mama mkwe akarudi kwenye mchele wake. Nilimtazama mikono, ilikuwa inatoa punje nzima pamoja na chuya.

Siku ya harusi uani kulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya ukuta. Tulifunga maturubai, tukakodi viti. Mimi na mume wangu tulikaa mbele, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe alivyovishona yeye mwenyewe. Resiponsabule alikaa upande wa kulia, karibu sana nasi, na chupa ya Fanta mkononi.

Sebene ya kwanza ilipoingia, animateri alimtupia yeye libanga lake kama alivyoagizwa. Resiponsabule akainua kidole kimoja, akatabasamu, akatunza. Akatajwa baba, akainuka na kofia yake akayumba kidogo kama kijana. Akatajwa mume wangu kwa jina la dini, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilifurahi, kwa kweli. Nilikuwa sijawahi kufurahi vile.

Kisha mama mkwe wangu alisimama. Alinyoosha mikono juu kama wanavyocheza Wanyarwanda wa milimani, mikono ya pembe za ng'ombe, akaja akicheza taratibu kati ya watu waliokuwa wakirukaruka. Ilionekana kwamba amekuja kutunza tu, na watu wakampisha. Alifika kwa animateri, akamwekea kitu mkononi, akamwinamia sikioni. Animateri alicheka, akamshika bega, akaleta maikro mdomoni.

Alilitupa jina lile. Akasema mwene, akataja jina la baba. Akataja na kilima.

Mume wangu aligeuka.

Ilikuwa kugeuka kudogo, kichwa tu, kama mtu anavyogeuka akiitwa jikoni. Halafu akajirudisha na kutazama mbele. Watu hawakuona kitu. Kwao ilikuwa ni jina mojawapo kati ya majina, wakalishangilia kama walivyoshangilia mengine, na magitaa hayakupunguza. Lakini mimi nilikuwa namtazama resiponsabule, naye hakuwa akimtazama animateri. Alikuwa akitazama shingo ya mume wangu. Chupa ilikuwa mdomoni na hakumeza.

Niliwaka hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza. Jioni ile ile nilimvuta mama mkwe chumbani, nikasahau kumwita shangazi, nikasahau heshima zote.

“Umetuua,” nilimwambia. “Unajua? Umetuua.”

Alikuwa bado na machozi usoni, na alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

“Umukazana wanjye,” alisema, mkwe wangu. “Nilimzaa nikamwita. Kisha nikanyamaza miaka hii yote. Baba yake hakuna aliyemtaja tangu alipokufa, hata mimi, hata nikiomba dua naogopa ukuta. Nilidhani kelele ya magitaa itanificha.”

Nilitoka nikamwacha chumbani. Sikumkumbatia. Asubuhi ya Jumatatu baba alimpeleka kituo cha basi, mama huyo akarudi Bujumbura, na mume wangu alimsindikiza mpaka kona tu.

Siku zikapita bila jambo. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyeuliza, na jinsi ilivyokuwa kimya ndivyo nilivyozidi kuogopa. Majirani walitusalimia vile vile. Nikadhani labda niliona vibaya. Halafu resiponsabule akaja dukani kupimwa suti.

Mume wangu alimpima mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natia pasi, na nilisikia kila kitu.

“Harusi yenu ilikuwa nzuli sana,” resiponsabule alisema.

“Asante, mukubwa. Inua mkono.”

“Muziki wa Wazaile iko tamu. Lakini ile jina ya mwisho, ya kirima kire cha kusini, ilikuwa ya nani?”

“Wanataja watu wengi, mukubwa. Wengine hata hatuwajui.”

“Mimi nilifanya kazi kule kusini,” alisema. “Ile jina ya baba yake nilisikia. Iko jina ya zamani.” Nikasikia futi ya kitambaa ikivutwa. “Lakini wewe uligeuka.”

“Kelele zilikuwa nyingi, mukubwa.”

“Ee. Kelele zilikuwa nyingi. Suluali uiache ndefu kidogo.”

Alipoondoka, mume wangu aliandika vipimo vyake kwa chaki, akakaa. Nilimwambia aondoke siku ile ile, avuke mpaka, nitamfuata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: akiondoka, watamuuliza nani? Ni baba yangu aliyeapa komini. Ni baba yangu aliyeweka kidole. Mpwa akipotea, mjomba ataeleza alimtoa wapi. Nilimwambia baba ni mzee, hawatamfanya kitu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto akisema uongo. Basi akabaki. Tuliishi hivyo, kila mmoja akisikiliza hatua za watu wanaopita kichochoroni, na tulipendana sana, kwa haraka, bila kugombana hata mara moja. Sijui tungekuwa mume na mke wa namna gani kama tungepata nafasi ya kugombana.

Mwezi wa kumi wakimbizi wenye silaha waliingia kutoka Uganda, vita vikaanza. Kigali ikafungwa. Usiku mmoja risasi zililia mji mzima mpaka alfajiri, na kulipokucha askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Tuliambiwa watu wanapelekwa kwenye uwanja wa mpira. Baba alimwagiza mume wangu akae chumba cha ndani, na asitoke kwa lolote atakalolisikia.

Walikuja kabla ya adhuhuri, askari kadhaa na resiponsabule mbele yao. Hakuuliza kwa jina la dini, ambalo alilijua vizuri, jina la mtu aliyemshonea suti. Alisimama barazani akaita lile jingine. Akaliita lote, na mwene, na baba, na kilima, taratibu, bila kukosea hata herufi.

“Hapa hatuna mtu wa jina hilo,” baba alisema.

“Hakuna?”

“Hakuna, bwana.”

“Basi, Mzee, twende wewe. Wewe ndiye uliapa.”

Baba hakubisha. Alitafuta kofia yake, hakuiona, na ilikuwa kichwani. Nilimshika kanzu nikaanza kulia kwa sauti, nikiwatukana, nikimtukana resiponsabule na mama yake, na askari mmoja akanisukuma ukutani. Resiponsabule hakunijali. Alinyoosha shingo kuelekea ndani, akaliita jina lile tena, mara hii kwa sauti kubwa zaidi.

“Karame.”

Jibu hilo lilitoka nyuma ya pazia. Halafu yeye mwenyewe akatoka, amevaa shati lake la kazi, nyuzi zimemganda kwenye mkono.

Kwetu Biryogo mwanamume akiitwa hujibu naam, na mume wangu miaka yote aliyokaa kwetu alijibu naam kwa kila mtu, kwa baba, kwa wateja, kwangu. Karame ni jibu la Kinyarwanda. Mtoto aliyelelewa vizuri hulitoa anapoitwa na mkubwa wake, na maana yake ni kumtakia huyo anayeita aishi miaka mingi. Sikujua kama analo. Lazima mama yake alimfundisha akiwa mdogo sana, kabla jina halijafichwa, na likakaa humo bila kazi mpaka siku ile.

Walimwachia baba yangu, wakampandisha yeye kwenye lori. Kutoka uwanjani wengine walirudi, miezi baadaye, wamekonda. Yeye hakurudi, na hakuna ofisi iliyokubali kuniambia alikwenda wapi.

Njia ya Bujumbura ilipofunguka tena, habari zilimfikia mama yake. Nilingoja lawama, au msiba, au aje mwenyewe aniangukie miguuni, maana hasira yangu ilikuwa imejiandaa. Alimtuma dereva mmoja wa basi na swali moja tu. Alitaka kujua kama mwanawe aliitika alipoitwa.

Nilimwambia dereva amwambie kwamba aliitika.